Naomba ushauri: nyumba ya dada inataka kupigwa mnada

Wakuu, shemeji alikopa benki kwa kuweka rehani nyumba wanayoishi na dada yangu, Mbagala. Biashara ikayumba, marejesho yakasimama. Sasa dalali amebandika tangazo la mnada getini. Najua Sheria ya Ardhi, kifungu cha 127, inataka mdaiwa apewe kwanza notisi ya maandishi ya siku 60. Shemeji anasema hajapokea chochote. Kinachoniuma zaidi, dada hakuwahi kusaini ridhaa ya mwenza, na kifungu cha 114 kinaitaka kwa nyumba ya ndoa. Je, dada anaweza kufungua kesi mwenyewe kuomba zuio, au lazima shemeji? Deni hatulikatai, tunaomba muda wa kulipa. Wanasheria msaada tafadhali, wana watoto wadogo mle ndani.