Kilimanjaro tukitokea Mtwara: Marangu siku tano au Machame siku saba?

MtuWaShangani

Wakuu habari zenu. Tuko watu sita, wote wa Mtwara mjini, umri miaka 28 hadi 51. Hakuna aliyewahi kupanda chochote kirefu kuliko Newala. Tumepewa bei za njia mbili za kupanda, Marangu siku tano na Machame siku saba, na tofauti ya fedha si ndogo. Wengi wanataka Marangu kwa kuwa inaitwa njia nyepesi na mnalala vibandani. Tarehe tuliyofikiria ni wiki ya mwisho ya Mei: mvua za huku zinakuwa zimekwisha, na Juni wenye mikorosho wanaanza kupulizia salfa, ule unga wa kuzuia ukungu. Naomba mtupitishie mpango: njia ipi, mwezi gani, mazoezi wapi, na afya tuangalie nini.

Mwenyeji_wa_Rondo

Mkuu, kabla ya kugusa bei chukueni karatasi muandike kila usiku mtalala mita ngapi kutoka usawa wa bahari. Hapo ndipo safari inapoamuliwa. Ukishavuka mita 3,000, kanuni ya madaktari wa milimani ni kutoongeza zaidi ya mita 500 za kulala kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne kuwe na usiku ambao hampandi.

Marangu ya siku tano: Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, na usiku huohuo mnaamshwa kwenda Uhuru, 5,895. Yaani mita 1,000 kila siku, kwa mtu ambaye wiki hiyohiyo alikuwa ufukweni. Njia ni pana na haina mwamba wa kushika kwa mikono, ndiyo maana inasifiwa kuwa nyepesi. Lakini hewa haijali upana wa njia. Kileleni kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Mtwara.

Machame ya siku saba: kambi ya Machame kama 2,850, Shira kama 3,800, Barranco karibu 3,950, Karanga kama 4,000, Barafu karibu 4,670. Tazameni siku ya tatu. Mnatoka Shira mnapanda hadi Lava Tower, kama mita 4,600, mnakula mchana pale, halafu mnashuka kulala Barranco. Mwili umeonjeshwa mwinuko mkubwa ila umelala chini. Nyusiku tatu mfululizo mko karibu mita zilezile, na ndizo zinazowajenga. Mruko wa Machame kwenda Shira bado ni mkubwa, sitauficha, lakini unakuja mapema na mnapata muda wa kuufidia.

Mei ifuteni. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, ukiisha umeisha. Kilimanjaro wana misimu miwili: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Novemba na Desemba. Mteremko wa kusini, ambako Machame na Marangu zote zipo, ndio unaonywa zaidi. Mwishoni mwa Mei msituni ni tope, na juu theluji inaweza kufunika njia. Kwa kuwa mna salfa Juni na Julai, nendeni wiki ya mwisho ya Agosti au mapema Septemba: ni kavu, na mavuno ya korosho hayajashika kasi.

Kinyozi_Chuno

Naunga mkono kuikataa Marangu ya siku tano, ila Marangu ya siku sita isitupwe. Usiku wa pili pale Horombo unabadilisha mambo: asubuhi mnapanda kuelekea kilele cha Mawenzi hadi kama mita 4,300, mchana mnarudi kulala 3,720. Kama bajeti haifiki Machame, hiyo ndiyo ya chini kabisa ambayo mtu mwenye busara angeilipia.

Jambo ambalo wapangaji wengi hawaliandiki ni njia ya kutokea. Kwa kila kambi andikeni: mtu akizidiwa hapa saa nane usiku, anashushwa kupitia wapi? Marangu jibu ni rahisi, mnarudi mlikotoka, na machela ya gurudumu inapita toka Kibo. Machame inatofautiana. Shira kuna barabara ya gari upande wa magharibi. Barranco njia fupi ya kushuka ni Umbwe, ambayo ni kali mno na imejaa mizizi. Karanga na Barafu mnashuka kwa Mweka. Kiongozi asiyeweza kuwajibu hili papo hapo msimchukue.

Na Barafu hakuna maji. Wagumu, yaani wapagazi, wanayabeba kutoka Karanga, kwa hiyo kila mmoja ajaze lita tatu kabla ya kuondoka Karanga, asitegemee kupata zaidi kambini.

Mkishawishiwa njia ya Western Breach, ile ya upande wa magharibi wa kreta, kwa sababu ni fupi, kataeni. Mawe yaliyoshikwa na barafu huachia jua likipiga, na mwaka 2006 watu watatu walifia pale kwa kuangukiwa na mawe.

Dada_wa_Mikindani

Upande wa afya, kwa watu wa pwani kuna mawili ambayo miongozo ya wageni haiyatilii uzito.

La kwanza, malaria. Mbu anaweza kukuuma Mtwara leo, homa ikaanza siku ya tisa au ya kumi, na siku hiyo uko Karanga. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na uchovu vinafanana na ugonjwa wa mwinuko, ule unaoletwa na uchache wa oksijeni huko juu. Pimeni kabla ya safari, na mbebe vipimo vya haraka vya malaria. Homa kali huelekea zaidi kwenye malaria au maambukizi mengine. Kwa vyovyote mwenye homa asipande, na asiachwe alale kusubiri kuche.

La pili, seli mundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asiende. Aliyebeba kinasaba kimoja tu anaweza kuwa mzima maisha yake yote huku chini, lakini mwinuko mkubwa unaweza kumdhuru bandama. Kila mmoja wenu apime kwanza na azungumze na daktari. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ni amri ya kushuka.

Asetazolamidi, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, hupewa wengi kwa miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda; mwenye mzio wa dawa za sulfa (si ile salfa ya mikorosho) amweleze daktari. Inawasaidia kuzoea, haichukui nafasi ya siku za kuzoea. Na kila jioni mtembezeni kila mtu mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole. Anayeyumba, au anayehema akiwa amekaa, anashushwa saa hiyohiyo hata kama ni giza.

Mwenyeji_wa_Rondo

Mazoezi: Newala inawafaa. Teremkeni toka ukingoni kuelekea bonde la Ruvuma na mpande tena, begi la kilo 8 mgongoni, mara mbili kwa wiki kwa wiki nane au zaidi. Lakini uwanda wa Makonde hata Rondo haufiki mita 1,000, kwa hiyo mnajenga miguu tu. Kuzoea hewa kutafanyika mlimani. Tilieni mkazo kushuka. Siku ya kilele mnashuka toka 5,895 hadi kambi ya Mweka, kama 3,100, na hapo ndipo magoti na kucha za vidole vinapoharibika. Kateni kucha, fungeni kamba za viatu kwa nguvu kifundoni kabla ya kuteremka, na viatu visiwe vipya.

Nguo za pamba acheni nyumbani, zikiloa jasho hazikauki. Mitumba ya sufu na poliyesta ipo tele sokoni. Mfuko wa kulalia na koti zito mnaweza kukodi Moshi. Usiku wa kilele betri za taa zikae mfuko wa ndani ya koti, na chupa ya maji igeuzwe kichwa chini, maana barafu huanzia juu.

Safari ya basi toka Mtwara hadi Moshi ihesabuni siku mbili, na muongeze siku moja ya akiba. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar.

MtuWaShangani

Shukrani sana wakuu. Tumehamia Machame siku saba, mwisho wa Agosti. Swali moja: mmoja akishindwa usiku wa kilele, wote sita tunarudi?

Kinyozi_Chuno

Hapana, mkiwa na viongozi wa kutosha. Kwa watu sita ombeni kiongozi mkuu na wasaidizi watatu. Wawili wakishindwa kwa nyakati tofauti, kila mmoja anashuka na msaidizi wake na wanne waliobaki wana watu wawili. Iandikwe kwenye mkataba kabla ya kulipa, pamoja na saa ya kugeuka: mkiondoka Barafu saa sita usiku, kufika Stella Point, ukingoni mwa kreta, ni mwendo wa saa tano hadi sita na Uhuru mwendo wa kama saa moja zaidi. Ambaye hajafika Stella saa tatu asubuhi anageuzwa hapohapo.