Mrejesho: Narnia nimeanza na kipi

Wakuu, niliuliza vitabu vya Narnia, zile hadithi za kubuni za C. S. Lewis kuhusu nchi ya ajabu, nivisome kwa mpangilio upi: wa miaka vilivyotoka au wa matukio. Mlionishauri nianze na The Lion, the Witch and the Wardrobe cha 1950, asanteni sana. Ile nguzo ya taa inayowaka peke yake katikati ya msitu wa theluji ilinisumbua kichwa vitabu vitano. Kuja kufika The Magician's Nephew cha 1955, ambacho kwa matukio ndicho cha kwanza, ndipo nikajua ilivyoota pale. Ndiyo, iliota! Ningeanza na hicho, utamu wote ungeisha mapema. Reepicheep, yule panya mwenye upanga, ndiye kipenzi changu, msinibishie. Cha mwisho bado, mdogo wangu amekikalia. Nikimaliza naingia Earthsea, vile vitabu vya wachawi vya Ursula K. Le Guin. Mwenye nakala ya kuazimisha anishtue.