Bastola ya bei nafuu: Taurus au Canik?

Mangi_wa_Masasi: Wakuu habari, nina duka la jumla Masasi, msimu wa korosho pesa inazunguka sana na nafunga usiku, maombi ya kibali nimeshaanzia serikali ya mtaa yako polisi. Nataka semi-otomatiki isiyoniua mfukoni, Glock 17 naitamani ila bei mmh. Taurus G2C vipi, au Canik?

Mmakonde_halisi: Bora umesema duka, nikadhani kangomba (wale walanguzi wa korosho) 😂 G2C ni ya Brazil, fupi, magazini risasi 12, kuibeba raha ila mkono mkubwa kidole kidogo kinaning'inia. Cha kuangalia kwanza risasi aisee, chukua inayotumia risasi za 9x19 (kipenyo na urefu wa ganda, kwa milimita) maana Glock, Canik na CZ 75 zote zinakula hiyohiyo, usishawishike na Makarov kisa rahisi, ile ni 9x18 haziingiliani kabisa

Lindi_pwani: Mi ningeenda Canik ya Uturuki, triga yake laini kuliko bei yake. Ila hata huko bara unyevu upo, ipake mafuta mara kwa mara. Na sheria ya silaha ya 2015 haina utani, nunua kwa muuzaji mwenye leseni tu

Mangi_wa_Masasi: Shukrani wakuu, Canik basi nikiishika mkononi kwanza