Nafasi tupu katika michoro ya mistari: Nasreen Mohamedi na Agnes Martin

Swali (mwanafunzi wa uchoraji)
Ndugu wapenda sanaa, naomba mnielimishe. Nimekuwa nikitazama michoro ya Nasreen Mohamedi, msanii wa India aliyezaliwa Karachi mwaka 1937 na kufariki mwaka 1990, ambayo mingi ni mistari mitupu ya wino na penseli, isiyo na sura ya mtu wala ya kitu. Nami nikipiga mistari kwa rula, karatasi yangu hubaki kama daftari la hesabu. Yeye alifanyaje hata sehemu isiyochorwa ikawa na kina na mwanga?

Jibu (mwalimu wa sanaa)
Kabla ya mistari, angalia umbali ulio baina yake. Katika daftari umbali huo haubadiliki, kwa hiyo jicho huzoea upesi na kuacha kutazama. Mohamedi, aliyechora kwa vifaa vya wasanifu majengo, aliweza kuibana mistari upande mmoja na kuiachanisha kidogo kidogo upande wa pili. Inapobanana, weupe wa karatasi hugeuka kijivu na kurudi nyuma, na inapoachana, weupe uleule hung'aa. Baadaye aliiacha gridi, yaani wavu wa mistari inayokatana, akabaki na mistari michache ya mshazari katikati ya karatasi. Ziba sehemu tupu kwa kiganja, utaona mistari hiyo inapoteza mwendo wake wote.

Jibu (mchoraji)
Naafiki suala la umbali, ila usahihi wa vifaa si sharti. Agnes Martin, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Marekani, alichora "The Tree" mwaka 1964 kwa rangi ya mafuta na penseli kwenye turubai ya mraba yenye upande wa sentimita 183 hivi. Ukiisogelea, unaona penseli ikirukaruka juu ya nyuzi za kitambaa, hapa nzito, pale imefifia. Ukirudi nyuma, mistari yote inayeyuka na kuwa ukungu mmoja. Mimi naupenda zaidi mstari huu, kwa sababu mkono wa binadamu umo ndani yake.

Mwuliza swali
Nashukuru sana. Je, nianzie wapi?

Jibu (mwalimu wa sanaa)
Anza na penseli moja ngumu na mistari mlalo peke yake, ukibadilisha umbali tu. Uzito wa mstari uuache kwanza, la sivyo hutajua ni kipi kilicholeta mwanga.