Kundi la Ukoo: Safari ya Salumu

*Salumu:* Asalaam aleikum wanaukoo. Ile mashua ya Mikindani imekaa sawa sasa, mwezi huu wa saba nataka niende nayo Zanzibar moja kwa moja bila kutia nanga. Sijawahi kupita Lindi kwa tanga, naombeni ushauri

*Mama Salumu:* Moja kwa moja?? Na nani

*Salumu:* Mimi na Bakari mama

*Mjomba Nahodha:* Waaleikum salaam mjomba. Mwezi wa saba kusi, upepo wa kutoka kusini, iko kwenye ukali wake na mkondo nao unapanda kaskazini kwa nguvu, kwa hiyo kwenda utakwenda tu, mi nauliza kurudi unarudije?? Upige bisho, yaani kwenda upande upande kinyume cha upepo, toka Unguja mpaka Mikindani upepo usoni mkondo usoni, hufiki. Subiri mwezi wa tisa kusi ilegee, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikishika mwezi wa 12 ndo urudi

*Salumu:* Miezi mitatu yote nakaa kule nakula nini mjomba

*Mjomba Nahodha:* Iache kwa mtu unayemwamini urudi na basi, ukaifate baadae. Ila usichelewe, huo ndo msimu wa vimbunga, kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilitupita hapa jirani kikashukia Msumbiji. Utabiri wa bahari wa TMA, wale wa hali ya hewa, uangalie kila siku

*Shangazi Lindi:* Na hiyo moja kwa moja iondoe kichwani. Kilwa, Mafia, ndo Unguja

*Mjomba Nahodha:* Kweli dada. Mpaka Kilwa ni kama maili 90 za bahari, ukienda noti 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa, ni masaa 18, ondoka saa 9 alasiri uingie saa 3 asubuhi jua liko juu unauona mwamba. Ukiwahi kabla hakujacha punguza tanga ukae nje. Mimi niliingia Songosongo usiku kwa vile nimechoka, nikasikia mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, unakwaruza, ubao ukafunguka, tulikumba maji na ndoo moja wawili mpaka alfajiri mikono ikachubuka. Nawaombeni sana msiingie usiku

*Shangazi Lindi:* Maji lita 4 kwa mtu kwa siku, chukueni lita 60, madumu madogo madogo, moja likiingia chumvi mengine yabaki

*Salumu:* [picha]
Kalafati hii hapa, pamba niliyozibia mbao

*Mjomba Nahodha:* Ubao wa tatu toka mkuku pamba imechomoza. Itoe yote upige upya, halafu iache majini siku tatu mbao zivimbe, kila asubuhi tia kiganja kwenye ngama, pale chini ndani maji yanapokusanyika, uone yamefika wapi. Na usiku anayeshika usukani ajifunge kamba kiunoni, hata bahari ikitulia

*Salumu:* Nimeelewa mjomba, basi mwezi wa tisa. Kesho naanza na huo ubao

*Mama Salumu:* Simu ikishika tu Kilwa unanitumia meseji. Bakari kamwambia mamaake?

*Salumu:* Bado

*Mama Salumu:* Nampigia sasa hivi