M35A2 imelala miaka mingi: injini safi, breki inazama. Nianzie wapi?

Magurudumu Kumi aliandika:

Wakuu, heshima kwenu. Baada ya kulitamani tangu utotoni, hatimaye nimepata M35A2, lile lori la jeshi la Marekani la tani mbili na nusu, ekseli 3 na zote zinavuta. Lilikaa miaka mingi bila kuwashwa. Nimesafisha tangi, nimebadilisha filta zote za dizeli na kufunga betri 2 mpya, maana umeme wake ni volti 24. Stata ya pili tu, likawaka! Injini ni ile ya silinda 6, lita 7.8, inayokubali mafuta ya aina nyingi. Nilikaa kwenye kiti nasikiliza mngurumo wake hadi machozi yakanilengalenga.

Sasa shida. Pedali ya breki inashuka hadi chini. Nikiipampu mara tatu au nne inasimama, halafu inazama taratibu. Mafuta ya masta silinda (pampu kuu ya breki) yamepungua, na gurudumu la nyuma kulia limelowa kwa ndani. Tairi 2 zimeisha upepo. Swichi ya taa nayo imegoma kabisa kuzunguka.

Ninayo chupa ya mafuta ya breki ya DOT 3, nilitaka niongeze. Na je, naweza kulizungusha uwanjani kwa gia ya kwanza wakati natafuta vipuri?

Spana Nzito alijibu:

Hongera sana mkuu, ila usilisogeze hata mita moja. Lori hili tupu lina karibu tani 6, na breki zake zinatoka kwenye masta silinda moja, saketi moja. Silinda ya gurudumu moja ikivuja, umekosa breki magurudumu yote. Usitegemee hendibreki, inashika kwenye shafti nyuma ya transfa (gia inayogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma) na kazi yake ni kuzuia lori lililokwisha kusimama.

DOT 3 iache kwanza. Jeshi la Marekani lilihamia mafuta ya breki ya silikoni, DOT 5, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na malori mengi kama lako yaliondoka huko yakiwa nayo. Hayachanganyiki na DOT 3. Chota kidogo utie kwenye glasi yenye maji: yakijitenga ni silikoni, yakiyeyuka ni DOT 3 au 4. Usiamini rangi peke yake. Silikoni mpya ni zambarau, ikizeeka hupauka.

Jambo lingine ambalo wengi hulisahau: silikoni hainyonyi maji, kwa hiyo maji yaliyoingia hutuama sehemu za chini na kula chuma hapohapo. Silinda zilizolala muda mrefu hukutwa na vishimo vya kutu ndani. Kama kuna vishimo, usibadilishe mipira pekee. Weka silinda mpya.

Dada Grisi alijibu:

Naongezea kwenye hilo gurudumu lililolowa. Kabla hujanunua chochote, yanuse hayo mafuta. Yakinuka kiberiti ni oili ya difu, tatizo ni sili ya habu, mpira unaozuia oili isitoke kwenye kitovu cha gurudumu. Kama hayana harufu hiyo, ni ya breki. Kama ni ya difu, tazama kitundu cha kupumulia juu ya ekseli. Kikiziba kwa tope, joto linajenga presha ndani na oili inasukumwa kupita kwenye sili. Utabadilisha sili tatu bure kama hujakizibua. Lainingi (kitambaa cha breki kinachosugua dramu) iliyolowa usiioshe ukairudisha, ibadilishe. Na vumbi la dramu usilipulize kwa upepo, lainingi za zamani zilikuwa na asbesto. Lowesha, pangusa.

Tahadhari kaka: nati za magurudumu ya upande wa kushoto zinafunguka kinyume. Watu wamekata bolti kwa nguvu wakidhani ni kutu.

Mzee wa Chasisi alijibu:

Mwanangu, kwenye tairi nisikilize vizuri. Rimu hizo ni za ringi ya kufungia, duara la chuma linaloshikilia tairi kwenye rimu. Ringi iliyokaa vibaya au iliyoliwa na kutu hufyatuka wakati wa kujaza upepo, na inaua. Tairi iliyoshuka chini ya asilimia 80 ya upepo wake usiijaze ikiwa kwenye lori. Toa moyo wa valvu kwanza, upepo uishe wote, hata wa tairi pacha iliyo pembeni yake, ndipo ulegeze nati. Ifungue, kagua ringi na rimu, kisha jaza ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa upepo uwe mrefu na wewe usimame pembeni.

Swichi ya taa haijafa. Ina kijiti kidogo cha kufungulia kilichoandikwa UNLOCK. Kishike hapo huku ukizungusha kile kikuu.

Magurudumu Kumi aliandika:

Mzee, taa zimewaka! Shikamoo na ahsante. Kwenye glasi mafuta yamejitenga, basi ni silikoni. Ya gurudumuni hayanuki kiberiti. Nimepakua vitabu vya jeshi, TM 9-2320-361-10 na -20, bado nasoma.

Spana Nzito alijibu:

Hiyo -20 ndiyo ya matengenezo, ichapishe uilaze benchi. Badilisha silinda zote 6 za magurudumu, maana zimelala pamoja. Kisha kagua kile kifaa cha upepo kinachoongeza nguvu ya breki. Sili zake za ndani zikichoka, mafuta hupotea kwenye upande wa upepo na huoni tone chini. Ndiyo maana pedali inaweza kuzama hata ukishafunga silinda mpya.

Dada Grisi alijibu:

Wengine hupenda kubadilisha mfumo wa breki uwe wa saketi mbili, na mimi nimefanya hivyo kwenye langu. Ila rudisha kwanza breki za asili zifanye kazi, ndipo uamue.

Magurudumu Kumi aliandika:

Leo nimefungua dramu ya nyuma kulia. Mpira wa silinda umepasuka, na ndani kuna vishimo kama alivyosema Spana. Lori liko juu ya stendi, magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Kesho nafungua kushoto, na nitakumbuka kuzungusha kinyume.