Naomba ushauri: nianzie wapi kumsoma Kezilahabi?

Ndugu wanachama, nimekusudia kumsoma Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa riwaya na mashairi wa Tanzania, kwa mpangilio, na ninaomba mwongozo wa waliomsoma kwa kina. Rosa Mistika (1971) niliisoma zamani na haikunipa tabu, kwani kisa chake kinaanzia Namagondo, Ukerewe, na kinasonga mbele bila kumpoteza msomaji. Nagona (1990) ni habari nyingine kabisa. Ni kitabu chembamba, lakini ndani yake nimekutana na msimulizi asiyejitambulisha, mji uliojaa ukimya, wakati usiojulikana kama unakwenda au unarudi, na wanafalsafa wanaoingia masimulizini bila hata kupiga hodi. Lugha si ngumu, na sentensi nyingi ni fupi. Kinachonikwamisha ni kutojua lipi ni ndoto na lipi ni tukio, au pengine mwandishi hataki tutenganishe.

Je, nipitie kwanza Kichwamaji (1974), ambamo Kazimoto tayari anahoji maana ya maisha katika hadithi inayofuatika, ndipo nirudi kwenye Nagona na kuendelea na Mzingile (1991)? Au mashairi ya Kichomi yatanizoesha zaidi fikra zake? Rafiki yangu anashikilia kwamba Gamba la Nyoka (1979) naweza kuiruka, ushauri ambao mimi nautilia shaka.

Anayefahamu tahakiki nzuri ya Kiswahili kuhusu Nagona na Mzingile anitajie pia, ingawa ningependa kuisoma baada ya riwaya zenyewe.